Vijana walipwe wanapojifunza kazi za mazingira, au wakopeshwe?

Ndugu zangu, wengi katika mjadala huu wamesema kijana wa Uganda anayetaka kazi za mazingira apewe mkopo, kama ile iliyotolewa kwa vikundi tangu mwaka wa fedha wa 2013/14 chini ya Mpango wa Riziki za Vijana, kwa kuwa posho humzoesha mtu kuitegemea serikali. Napinga hoja hiyo.

Mkopo humfaa mwenye kitu cha kuuza. Miti inayorudishwa kandokando ya mto haina mnunuzi, ilhali kila anayeyanywa maji ya mto huo ananufaika; basi gharama ni yetu sote. Tena ujuzi huu haupatikani kwa semina ya siku mbili. Kitaluni mwanafunzi huhamishia miche kwenye viriba, yaani vifuko vya kukuzia miche, huipunguzia kivuli kidogo kidogo hadi iweze kustahimili jua, na hukata mizizi inayotoboa kiriba kabla haijashika ardhi, kazi ya miezi inayofuata ukuaji wa mche, si ratiba ya mkufunzi. Kijana wa Mbale aliyeiacha bodaboda kwa muda wote huo atakula nini?

Marekani ililijibu swali hilo kati ya 1933 na 1942. Kikosi chake cha uhifadhi kiliwapokea vijana wapatao milioni 3, kila mmoja akilipwa dola 30 kwa mwezi, 25 kati ya hizo zikipelekwa kwa familia yake, na miti zaidi ya bilioni 3 ikapandwa. Lakini kikosi cha tabianchi kilichotangazwa huko Septemba 2023 kilikwisha mapema 2025, utawala ulipobadilika, kwani kilitegemea utashi wa rais na hakikuwa na fungu lake kutoka bungeni.

Hofu ya wanafunzi hewa ni ya haki, nami naiona nzito kuliko nyingine zote. Ndiyo maana napendekeza posho iende moja kwa moja kwenye simu ya kijana, na majina yabandikwe hadharani katika kila parishi, yaani eneo la utawala lenye vijiji kadhaa, wanakijiji wamtambue asiyekuwepo.

Sheria yetu ya misitu ya 2003 tayari ilianzisha Mfuko wa Miti. Bunge lianzie hapo, liutengee fedha za mafunzo kila mwaka. Na anayeshikilia mkopo atueleze kijana ataurejesha kwa mapato gani.