Tunalipia intaneti ya leo, tunaletewa kurasa za Ijumaa

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naandika hapa kwa sababu nishachoka kuipigia simu kampuni yangu ya intaneti, inayotuletea nakala za zamani za tovuti badala ya kurasa mpya.

Mie hutengeneza tovuti, niko Wete. Ijumaa nilibadilisha bei za vyumba kwenye tovuti ya mama mmoja mwenye nyumba ya wageni. Jumatatu akanipigia: "Mwanangu, pesa nishakupa, mbona bei ni zile zile?" Nikafungua kwa simu yangu, kweli, zile zile. Nikafuta kumbukumbu zote za kivinjari, wapi! Nikaenda kwa jirani anayetumia kampuni ile ile ya intaneti kama mie, bei za zamani. Ndugu yangu wa Mombasa akafungua: bei mpya. Nikawasha VPN, yaani njia ya siri inayopitisha intaneti yangu kwenye seva ya mbali: mpya. Nikaizima: za zamani zimerudi.

Hapo nikaongeza ?x=1 mwishoni mwa anwani. Ukurasa mpya ukaja papo hapo, maana kwa kache ya kampuni, yaani ghala lao la nakala za kurasa, hiyo ni anwani wasiyowahi kuiona. Nikatazama maelezo yanayokuja na ukurasa: pana mstari wa Via, unaoonyesha ukurasa umepitia seva ya kati, ambao seva yangu haiutoi kabisa, na Age, yaani umri wa nakala, imepita 250000. Hizo ni sekunde, karibu siku tatu! Na mie nimeandika no-cache, yaani usimpe mtu nakala kabla hujarudi kuniuliza. Wameipuuza.

Huduma kwa wateja nimewapigia mara nne. "Zima ruta, subiri dakika tano, washa." Wa mwisho kaniuliza kama bando limeisha. Jamani, bando likiisha ningeona hata hizo bei za zamani?

Kache najua ilianzaje. Wakati wa setilaiti kila kilobaiti ilikuwa ghali, kuweka nakala karibu kulikuwa na maana. Lakini mkonga wa intaneti wa chini ya bahari wa SEACOM ulifika Dar es Salaam 2009, na wa EASSy 2010. Wala sipingi video za YouTube kuwekwa karibu na watumiaji, zile huwekwa kwa makubaliano na mwenyewe. Hii ya kudaka kimya kimya kila kinachopita mlango wa 80, njia ya kurasa zisizofungwa kwa siri, ni kumsemea mtu maneno aliyokwishayafuta.

Najua mtaniambia nitumie VPN. Natumia, na nimeisajili, maana TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaotumia VPN wajisajili, na kanuni za 2020 zina faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12. Lakini ukiiwasha, bando la mitandao ya kijamii halifanyi kazi, unakula bando la kawaida. Kila kitu kinazunguka mpaka seva ya London ndipo kirudi Pemba. Na hata nikivumilia yote hayo, VPN inanifaa mie peke yangu. Mteja wa Chake anayetafuta chumba hana VPN. Yeye anaona bei ya zamani, anafika mlangoni, anagombana na yule mama, na mama anagombana na mie.

Tovuti sasa nimeitia HTTPS, inayofunga kwa siri kila kinachopita kati ya seva na msomaji; cheti chake cha Let's Encrypt ni bure, na wasichoweza kukisoma hawawezi kukiwekea nakala. Hilo nilichelewa, nakubali. Lakini HTTPS haigusi DNS, yaani daftari linalogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya seva. Mwezi uliopita nilihamisha seva ya mteja mwengine, TTL, yaani muda wa kushika jibu la DNS kabla ya kuuliza tena, nimeweka sekunde 300, na DNS yao ikaendelea kutoa anwani ya zamani hadi siku ya pili. Barua pepe za watu zilikuwa zinaingia kwenye seva niliyokwisha ihama!

Walioko Mkoani, Chake na Unguja, nawaomba: tafuteni tovuti isiyo na HTTPS, ifungueni kwanza kawaida, kisha na ?x=1, mtazame Age na Via. Andikeni hapa mlichokiona, mahali na saa. Malalamiko ya mtu mmoja wanayajibu kwa "zima ruta". Nataka niwapelekee ya watu ishirini kwa maandishi, wapokee na watie saini.