Mshipa wa maiti kwa aota iliyoingia usaha: tukubali au tukatae?

Mwana Kuze: Jana barazani, baada ya Isha, mada ilikuwa maiti kutolewa mishipa atiwe aliye hai. Mzee mmoja akakata maneno: "Maiti ni wa kusitiriwa, si wa kuchunwa." Kahawa ikapoa. Mimi siwezi kunyamaza, maana nilimuuguza marehemu ami yangu. Aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ilimvimba tumboni, akatiwa mshipa wa bandia wa kitambaa cha poliesta. Mwaka wa pili homa haikatiki, kinena kikatumbuka usaha; nikimbadilisha bandeji mara tatu kwa siku. Bakteria wakishashika kitambaa kile hujifunika utando, dawa haziwafikii sawasawa. Mara nyingi hapana budi king'olewe. Sasa pale utie nini?

Mshipa wa maiti uliogandishwa hustahimili vijidudu kuliko kitambaa. Wala si jambo la jana: Paris, mwaka 1951, Charles Dubost alitoa aota iliyovimba akashona ya maiti. Na dini? Baraza la Fiqhi la Jeddah liliruhusu mwaka 1988, ikiwa uhai wa mtu wategemea hilo, kwa idhini ya marehemu au warithi. Nasema tukubali.

Binti Kisauni: Kaka, fatwa umeileta, lakini sisi twazika siku hiyo hiyo. Mtu kafa alfajiri, alasiri yuko kaburini. Idhini utamwomba nani, mjane anayelia? Na mshipa wenyewe si wa milele: huweza kutanuka, kushika chokaa, hata kupasuka. Kuna wanaotolewa vena, mishipa irudishayo damu moyoni, za mapaja yao wenyewe zikashonwa pale. Ni kazi ya saa nyingi, naam, lakini maiti haguswi.

Mwana Kuze: Saa nyingi kwa mzee aliyebaki mifupa? Hapo kwa mjane nakupa haki. Ndiyo maana mtu aseme mwenyewe angali hai. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 yakubali hata kauli ya mdomo mbele ya mashahidi wawili.

Mpita Feri: Mwagombania mchuzi, samaki yu baharini. Friji la kugandishia mishipa hiyo litakaa wapi, na umeme huu wetu?

Mwana Kuze: Tangi la nitrojeni ya kimiminika, baridi kupita barafu, halitaki umeme, lataka kujazwa tu. Mbegu za madume ya ng'ombe huhifadhiwa hivyo hivyo, waulize wafugaji.

Binti Kisauni: Haya. Mashahidi wako wawili ni nani?

Mwana Kuze: Mke wangu mmoja. Wa pili bado. Yule mzee wa barazani nimemwomba, akavaa viatu akaondoka.