Mshahara 320,000, msosi peke yake 210,000. Mliopanga Dar mnakulaje jamani?

BachelaWaMbagala
Wakuu habari za jioni. Mwenzenu nina miaka 27, nauza duka la mtu Kariakoo, nimepanga chumba kimoja Mbagala elfu 50 kwa mwezi. Mshahara ni laki tatu na ishirini na hauna nyongeza yoyote, sio posho sio nini. Jana usiku nikakaa na kalamu nikaona nipige hesabu hela inaendaga wapi maana kila tarehe 18 mi nakuwa wa kukopa.

Asubuhi chai na chapati mbili 1,500. Mchana wali maharage kwa mama ntilie 2,500. Usiku nikishuka kituoni nimechoka nafungasha chipsi mayai 3,000. Hiyo ni 7,000 kwa siku, mara thelathini ni 210,000 wakuu, na hapo sijagusa soda wala maji. Nauli 1,200 kwenda na kurudi kwa siku 26 ni 31,200. Weka na chumba inakuja 291,200. Inabaki 28,800 ya umeme, vocha, sabuni, kinyozi na mama yangu kule kijijini anasubiri chochote.

Kabla hamjaniambia nipike, nilishajaribu. Nilinunua kamtungi ka gesi kadogo, nikaweka maharage, yakachemka kuanzia saa moja usiku mpaka nikasinzia, gesi ikaisha ndani ya siku tisa. Mchele kilo tano nao ukaisha kwa wiki maana washkaji wakijua kwako kunapikwa kila jioni wanapita "kukusalimia". Friji sina. Jiko langu lipo kwenye korido pamoja na wapangaji wengine wanne. Naombeni mbinu za watu wanaoishi hivi kweli, sio za watu wenye friji.

Kinyonga_Mweupe
Oa mkuu.

BachelaWaMbagala
@Kinyonga_Mweupe nimesema nina 28,800 inabaki, hata soda za kumtembelea mkwe hazitoshi.

MamaWawiliTemeke
Mdogo wangu pole. Mimi nalisha watu wanne kwa hela ambayo haijaizidi sana hiyo yako ya chakula kwahiyo nisikilize vizuri, shida yako sio kupika, shida ni unapika kama mgeni.

Kwanza maharage hayapikwi makavu na gesi. Unayaloweka usiku unapolala, asubuhi unamwaga yale maji, jioni ndo unayabandika, na usibandike na gesi, bandika na mkaa. Mkaa wa kopo moja ukiukoleza vizuri unaivisha maharage alafu moto unaobaki unakuchemshia maji ya chai ya kesho. Gesi iache kwa vitu vya dakika kumi, ugali, mayai, kupasha. Chumvi weka yakishaiva.

Pili, pika nusu kilo kwa mara moja, ikiiva ni mengi kwa mtu mmoja, siku tatu unakula. Najua utasema friji huna, hata mimi sikuwa nayo miaka sita. Siri ni kwamba unayachemsha MATUPU. Usitie nazi, usitie nyanya, usitie kitunguu. Vile vitu ndo vinachachisha na joto la Dar mnalijua. Unayachemsha yatokote kabisa asubuhi kabla hujatoka na usiku kabla hujalala, unafunika, hufunui funui na wala huchoti na kijiko ulichokilamba. Ukirudi jioni unachota ya kula siku hiyo tu ndo unayaunga pembeni, leo na nazi, kesho na nyanya, keshokutwa unaponda na karanga. Mwanaume anakula maharage siku tatu na hajui kama ni yale yale.

Tatu, acha kununua vya kupima. Mwaka jana nilifanya kautafiti kangu, nikachukua chupa tupu ya lita moja nikawa namimina humo mafuta ya kupima ya mia tano mia tano mpaka ijae, ilikula vipimo 15. Hiyo ni 7,500 na lita nzima pale pale dukani ilikuwa 6,000. Na sukari na majani ya chai ni hivyo hivyo. Mwenye hela kidogo ndo ananunua kwa bei kubwa, inauma lakini ndo ilivyo. Siku ya mshahara, kabla hujalipa deni lolote, pita sokoni. Maharage, unga, mchele, mafuta, dagaa, ukishaviweka ndani hata ukiishiwa tarehe 18 utakuwa na njaa ya kuku tu.

DogoWaShimoni
"Njaa ya kuku" 😂😂 mama umeua

Kuli_Mstaafu
Mama Wawili kaongea, ila mimi nitapingana nae kidogo na sio kwa ubaya. Nimekaa geto miaka 11. Mtu wa peke yake anaetoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku akisema atapika milo yote mitatu anajidanganya, wiki ya pili atarudi kwenye chipsi na unga utaota wadudu. Hesabu ya mama ntilie sio mbaya kama mnavyoisema. Sahani ya 2,500 ina wali, maharage, mchicha, kipande cha tunda, na yule mama ananunua kwa gunia, wewe kwa kilo. Ukiweka mkaa, mafuta, nyanya na muda wako, mchana huwezi kumshinda.

Hela yako inapotelea usiku na asubuhi. Chipsi mayai 3,000 ni kiazi kimoja na nusu na mayai mawili, umelipia mafuta na uchovu wako. Futa hiyo kwanza. Asubuhi nunua chupa ya chai, ile ya kutunza joto, chai unatoka nayo kwako, njiani unachukua kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha wa mia tano. Mchana baki kwa mama wa watu na uwe mteja wa kila siku, utaona mwenyewe ukoko na mboga ya nyongeza inavyokufata.

Onyo moja. USIKUBALI DAFTARI. Nimeona mtu anakula kwa daftari mwezi mzima, sahani moja inageuka sahani na soda na kipande cha samaki, tarehe 30 mama anafungua ukurasa mtu anaanza kutetemeka. Kula kwa keshi, siku huna keshi kula ulichonacho ndani.

MsukumaHalisi
Naona hamjagusa dagaa nikashangaa. Mkuu dagaa ndio nyama ya mtu mwenye akili. Ila jua unachonunua. Wa Kigoma ni wasafi, wanono, na bei yao imesimama. Wa Mwanza ni bei rahisi lakini wengi wanaanikwa chini kwenye mchanga, kwahiyo usiwapike kama ulivyowanunua alafu uje kulalamika unatafuna changarawe. Chambua vichwa ukiweza, waoshe na maji ya moto mara tatu au nne, kila mara unawainua kwa mkono unawaacha mchanga chini, usimimine. Alafu wakaange wakauke kabisa na chumvi, tia kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Hao wanakaa wiki bila friji. Jioni unachukua kiganja kimoja, nyanya mbili, kitunguu, limao, ugali wako umelala.

Huku kwetu kuna na mapanki, yale mabaki ya sangara yakishatolewa minofu kiwandani. Wa Dar hamtayapata ila mkija Mwanza msione aibu.

Wa_Eastlands
Niaje wakuu, mimi niko Nairobi lakini hii shida ni ile ile. Huku mtu wa mshahara ndogo anaokolewa na githeri. Mahindi na maharagwe, na si lazima uchemshe wewe, kuna wamama sokoni wanauza ikiwa imeshachemshwa, wanakupimia na kikombe, wewe ni kupeleka tu nyumbani unafrai na kitunguu, nyanya na waru (viazi) mbili. Stima na gas yote amelipa yeye. Hiyo kitu ya kupima huku ukiwa na pesa nunua na gorogoro, hiyo mkebe ya kilo mbili, usinunue pakiti. Na mama mboga anakukatia sukuma bure kabisa, hiyo ni dakika kumi umesevu.

Dagaa sisi tunaita omena, na usiipike ukiwa na wageni, harufu inaingia hadi kwa landilodi.

BachelaWaMbagala
@Wa_Eastlands hapo kwenye harufu kwenye korido yetu mtihani, kuna dada wa chumba cha mwisho anafungua mlango anapiga chafya mara tatu kwa makusudi.

Nesi_Zamu
Nimesoma yote niongeze kitu kimoja maana vijana wa aina hii nakutana nao kazini wakija na kizunguzungu wanadhani ni malaria, kumbe mtu anaishi na chai na andazi mpaka saa tisa. Usipunguze kula, badilisha unachokula.

Unga chukua dona badala ya sembe, sembe wametoa pumba na kiini, humo ndo kuna vitamini na mafuta, na dona inashibisha na kwenye mashine nyingi bei yake iko chini. Ila haikai muda mrefu, inanuka mafuta ya zamani, kwahiyo kilo tano kwa mwezi inatosha usijaze ndoo. Mboga za majani kila siku hata kama ni tembele fungu moja. Ukila maharage kamulia limao au kula na chungwa, ile madini ya chuma ya kwenye maharage mwili unaichukua vizuri zaidi ukiwa na vitamini C.

Alafu kuna kitu watu wanadanganywa nacho, mahindi na karanga za "bei ya kutupa". Ukikuta zina ukungu, zimesinyaa au zimebadilika rangi acha hata ukipewa bure. Sumukuvu, yaani sumu ya ule ukungu, haitoki kwa kuosha wala kupika. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa hiyo kitu, tena chakula walichokula ni cha kawaida tu cha nyumbani. Kama unataka cha bei rahisi nunua chenga za mchele, ule mchele uliovunjika, hauna ubaya wowote zaidi ya kuvunjika.

Na wali uliolala kwenye sufuria Dar nzima usiuamini, hata ukipashwa. Pika wa kuisha.

Kinyonga_Mweupe
Kiporo na chai ya rangi nimekula utoto mzima na bado nipo

Nesi_Zamu
@Kinyonga_Mweupe na ndo maana comment yako ya kwanza ilikuwa "oa".

DogoWaShimoni
Mkuu na samaki wabichi je? Mi na wenzangu watatu huwa tunachanga Jumapili tunaenda soko la samaki la Feri, tunachukua kwa mafungu tunagawana. Peke yako wale wachuuzi watakula hela yako, mkiwa wanne ndo mna sauti. Tukifika nyumbani tunakaanga siku ile ile hatulazi kitu.

BachelaWaMbagala
MREJESHO baada ya mwezi mmoja, najua wengi mlidhani nimeingia mitini.

Nimefata njia ya Kuli_Mstaafu mchana na ya Mama Wawili usiku. Siku ya mshahara nikaenda Tandale kwenye nafaka, nauli 1,200 tu lakini nilibeba kama nina familia. Maharage kilo 3 elfu 9, dona kilo 5 elfu 8, chenga kilo 4 elfu 8, mafuta lita elfu 6, dagaa elfu 5, sukari elfu 3, majani mia tano. Jumla 39,500. Mama ntilie mchana siku 26 ni 65,000. Mboga, nyanya, vitunguu na malimao kama mia tano kwa siku, 15,000. Muhogo au kiazi cha asubuhi 15,000. Mkaa 10,000. Na ile nauli. Yote 145,700, kutoka 210,000. Nimebaki na 64,300 ambayo mwezi uliopita niliitafuna kwa chipsi, na elfu 40 nimemtumia mama akanipigia simu kuuliza kama nimeibiwa akili.

Sio kwamba kila kitu kilienda sawa. Wiki ya pili nililala kwa mshkaji Gongo la Mboto, maharage hayakuchemshwa usiku wala asubuhi, nimerudi nafunua sufuria linatoa povu kama sabuni, nikamwaga nusu kilo nzima na roho inauma. Dagaa mara ya kwanza niliosha mara mbili nikajiona fundi, nikatafuna mchanga. Na kuna Ijumaa mbili nilinunua chipsi, sitasema uongo, ila hizo sikuziingiza kwenye hesabu 😅

Washkaji niliwaambia anaekuja aje na unga. Wamepungua mpaka mmoja, na huyo mmoja anakuja na unga kweli.

Sasa nina swali jingine. Chupa yangu ya mafuta naiacha pale korido karibu na jiko, niliweka alama na kalamu Jumatatu, leo Alhamisi imeshuka vidole viwili na mimi siku zote hizo nimekula dagaa wa chupani. Sitaki ugomvi na wapangaji wenzangu. Mnafanyaje?

MamaWawiliTemeke
Hongera mdogo wangu!! Mafuta yanalala chumbani chini ya kitanda. Korido unaacha sufuria tupu na chumvi.

Wa_Eastlands
Hata chumvi usiache bana.

Kuli_Mstaafu
Angalia dada wa chumba cha mwisho anakaanga nini Jumatano.