Kujaza mpira Tanga au kujazia Lushoto? Naomba ulinganisho

Mgosi_Makorora
Wadau, Jumamosi vijana wetu wanapanda Lushoto, mechi ya kirafiki. Katibu anataka mipira ijazwe upepo hukuhuku alfajiri, tena izidishwe, eti baridi ya kule itailegeza na itabaki sawasawa. Mimi naona tuibebe laini, tujazie uwanjani. Nyie mnasemaje?

Kipa_Mkongwe
Jazeni huku. Dole gumba likibonyeza likakataa kuzama, mpira umejaa. Mambo ya vipimo ya nini?

Mwl_Fizikia
Kocha, katibu yuko sahihi nusu. Hewa iliyofungiwa ikipoa, presha hushuka. Ikipata joto, hupanda. Lakini geji inasoma tofauti ya ndani na nje tu. Hapa pwani hewa ya nje inasukuma kama psi 14.7 (psi ni pauni kwa inchi ya mraba), kwa hiyo geji ikisoma 10, ndani mna 24.7. Tukipiga hesabu kwa kelvini (nyuzijoto za Selsiasi jumlisha 273), mpira uliojazwa 10 kwenye nyuzijoto 25 unapanda au kushuka kama 0.8 kwa kila nyuzi 10. Ndiyo maana mpira wa alfajiri unakuwa jiwe saa nane mchana, hasa ukisahauliwa juani, maana ngozi yake hupata joto kuliko hata hewa yenyewe.

Sasa njoo Lushoto. Mji uko kama mita 1,400 juu ya bahari, na huko hewa ya nje inasukuma takriban 12.4 tu. Tuseme mmekuta nyuzi 17. Baridi inakula kama 0.7, mwinuko unarudisha 2.3. Mpira uliotoka Tanga na 10 utasoma karibu 11.6, pungufu kidogo kwa sababu nao hutanuka. Unafika mgumu zaidi, licha ya baridi! Katibu akizidisha hadi 14, vijana watapiga vichwa tofali.

Winga_wa_Kulia
Sheria namba 2 ya soka inaruhusu psi 8.5 hadi 15.6, kwa hiyo hata 11.6 refa haikatai. Ila kuna wenzetu yaliwakuta: Januari 2015 kule Marekani, mipira ya New England Patriots, timu ya mpira wa Kimarekani, ilipimwa wakati wa mapumziko ikakutwa chini ya 12.5, kiwango cha chini cha ligi yao. Mabishano yakawa ni baridi au ni mkono wa mtu. Tom Brady, mrusha mpira wao mkuu, alifungiwa mechi 4.

Mama_Raskazone
Na ikikaa kwenye buti la gari kuanzia hapa hadi Mombo je? Buti la mchana linachoma.

Mwl_Fizikia
Dada, buti likifika nyuzi 55, ile 10 inakuwa 12.5 kabla hata hamjaanza kupanda mlima. Haipasuki, ila mishono ya mpira wa bei rahisi inachoka. Hapo namuunga mkono kocha: beba laini.

Fundi_Ngamiani
Kujazia kule sawa, ila msipime papo hapo. Ukipiga pampu kwa kasi hewa inaingia na joto, geji inadanganya juu. Acheni ipoe kidogo ndiyo mpime. Na msichukue geji ya pikipiki. Ile imetengenezewa presha kubwa, huku chini kwenye 8 au 10 mshale hata hausomeki vizuri. Tafuteni ya mipira. Sindano ilowesheni kwanza, ikiingia kavu inachana vali.

Mgosi_Makorora
Nimewapata. Tunabeba laini, pampu na sindano mbili. Fundi, geji ya kuazima unayo?

Fundi_Ngamiani
Ipo, pitia Ijumaa jioni. Irudi.

Kipa_Mkongwe
Haya, pimeni. Lakini kipa wenu aulizwe kwanza. Mimi kwa 11 sidaki, napangua tu.

Mgosi_Makorora
Kipa anataka 9, straika anataka 12. Tutaweka 10, wanune wote.