Mrejesho: goti lililokuwa likikwama

Assalaam aleikum wakuu. Niliwauliza kuhusu goti lililoteguka nikirukia gatini Lamu, likawa linakwama kwenye ngazi. Picha ya MRI ilionyesha meniskasi imechanika, lile gegedu kati ya paja na muundi. Nikafanyiwa upasuaji Mombasa: vitundu viwili vidogo, kimoja cha kamera, kingine cha vyombo, na maji yakipitishwa ndani ili daktari aone. Ukingo wa nje, panapofika damu, alishona. Kipande cha ndani alikikata, maana hapo hapaungi.

Mlioniambia “unatoka unatembea”, hiyo ni ya waliokatwa kipande tu bila kushonwa. Mie niliyeshonwa nilipewa magongo, na kuchutama bado marufuku. Naswali kitini. Ngazi napanda vizuri, alhamdulillahi. Mazoezi ndiyo yanayouma, na mama hanisamehei hata moja.