Mlango wa duka la kona Kiponda umeandikwa 1956, hati inataja rupia: nyumba ni ya lini?

Mpangaji wa Kona

Asalaam alaykum. Nyumba ipo Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ghorofa mbili juu ya duka, penye kona ya vichochoro viwili. Duka lina milango ya kukunja pande zote mbili na nguzo ya mbao kwenye kona yenyewe. Juu ya mlango mkubwa pamechongwa mwaka kwa tarakimu za Kigujarati, na aliyeusoma kasema ni 1956. Lakini ipo hati ya kukodi duka hilohilo, tarehe yake imeliwa na mchwa, na kodi imeandikwa kwa rupia. Nataka kujua ilijengwa lini, nani alikuwa mwenyewe, na nani walifanya biashara hapo kabla ya 1964. Nianzie wapi?

Daftari la Duka

Waalaykum salaam. Mlango na hati havigongani. 1956 hiyo si ya miladi, ni ya Samvat, kalenda ambayo Wagujarati waliandikia madaftari yao. Toa 57 kwa tarehe za kati ya Diwali na 31 Desemba, toa 56 kwa miezi iliyobaki. Unapata kati ya mwisho wa 1899 na Oktoba 1900. Wakachi, watu wa Kachi (Kutch) kaskazini-magharibi mwa Gujarat, walianza mwaka wao mapema zaidi, Juni au Julai, kwa hiyo familia ikiwa ya Kachi, rudisha mwanzo hadi katikati ya 1899. Mwaka wenyewe ni mzito: ndio ule wa njaa kubwa ya Gujarat, ambayo Wagujarati huiita Chhappaniyo, "ya hamsini na sita".

Rupia nayo inaelekea hukohuko. Zanzibar iliiacha 1936 ikaingia shilingi ya Afrika Mashariki, rupia moja kwa shilingi moja na nusu. Hati ya kodi ya rupia ni ya kabla ya hapo. Ukikuta hati ya miaka michache baadaye yenye kodi ya Sh 22/50, shuku kuwa ni rupia 15 zilizogeuzwa tu, na mpangaji huenda ni yuleyule.

Ila hakikisha tarakimu zimesomwa sawa. Moja ya Kigujarati inafanana na 9 tuliyoizoea. Usipige picha kwa mwanga wa mbele. Zima taa, laza tochi ubavuni mwa mbao, kivuli kitajaza michongo yenyewe. Ukikuta mwaka wa Hijria kwenye mlango mwingine, zidisha kwa 0.97 kisha jumlisha 622: 1317 inakupa 1899/1900. Hapo angalia sita ya Kiarabu inayofanana na 7, na tano inayofanana na sifuri.

Fundi Chokaa

Mahesabu sawa, lakini hiyo ni tarehe ya mlango. Milango ya Mji Mkongwe imehamishwa na kuuzwa sana. Tazama miimo inavyokaa ukutani. Kama chokaa ya zamani imeishika bila mwanya, mlango umekulia hapo. Kama pembeni kumejazwa vipande vya mawe na saruji, au mbao ina mashimo ya bawaba yasiyo na kazi, umetoka kwingine.

Kisha pima unene wa kuta kila ghorofa. Chini utegemee sentimita 50 hadi 60 za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta ukipungua ghafla na lipu ikiwa na mstari wa ufa uliolala, huenda lilikuwa duka la chini tu, na ghorofa ikaongezwa baadaye. Upana wa vyumba hausemi umri: boriti za mikandaa (miti ya mikoko) hazivuki zaidi ya mita 3 hivi, kwa hiyo vyumba vya kila zama ni vyembamba.

Rangi za milango zikwangue sehemu moja iliyojificha, ngazi ya viraka vya sentimita moja moja, kila kiraka tabaka moja. Usikwangue penye michongo. Na tafadhali usiruhusu lipu ya saruji "kusafisha" ukuta kabla hujapiga picha. Saruji inafungia unyevu ndani, ncha za boriti zinaoza humohumo ukutani, na alama zote za milango iliyozibwa zinafunikwa. Nguzo ya kona usiiguse kabisa: duka limefunguliwa pande mbili, uzito wa ghorofa zote unashukia hapo. Kibali cha kazi yoyote kinatoka Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Msomaji wa Kilimani

Kwa wenyewe na wapangaji, nenda Nyaraka za Taifa, Kilimani. Kosa la wengi ni kutafuta jina la mwenye duka peke yake. Mwenye duka mara nyingi alikuwa mpangaji, na nyumba ni ya mtu mwingine au ya wakfu. Kwa hiyo tafuta njia mbili.

Ya kwanza ni wakfu, majalada ya kundi la HD. Kamisheni ya Wakfu ilianza 1905, na penye kukusanya kodi pana majina ya waliolipa. Ya pili ni mikataba na mahakama. Wahindi wengi walihesabiwa raia wa Kiingereza, na kesi zao zilipita kwenye mahakama ya ubalozi mdogo, wakati raia wa Sultani walikwenda kwa kadhi. Usipompata mtu upande mmoja, usiseme hayupo.

Namba ya nyumba haikusaidii kwenye hati kongwe. Nyumba hutajwa kwa mipaka yake minne: kibla ni nyumba ya fulani, suheli njia, na kadhalika. Zanzibar kibla ni kaskazini, suheli ni kusini. Chora kona yako na majirani wote, kisha tafuta majina ya majirani pia. Hati ya jirani inamtaja mwenye nyumba yako. Andika kila jina kwa tahajia tatu au nne: Jivraj, Jiwraj, Jeewraj. Wengi wana jina lao na la baba tu, na karani huenda katia "bin" katikati.

Gazeti la serikali limetoka tangu 1892. Pitia matangazo ya minada na mirathi. Kadi za posta za wapiga picha A. C. Gomes na Pereira de Lord zinaonyesha vichochoro na vibao vya maduka, ila muhuri wa posta unakwambia tu picha haikupigwa baada ya siku hiyo.

Mpangaji wa Kona

Nashukuruni sana. Nimetazama miimo: kulia ni chokaa tupu, kushoto saruji toka chini hadi kiunoni. Na je, baada ya 1964 nitafute wapi?

Fundi Chokaa

Saruji ya chini upande mmoja huenda ni kiraka cha mbao iliyooza kwa maji ya njiani. Angalia kama mguu wa mwimo umeungwa mbao mpya. Juu ikiwa chokaa pande zote, mlango ni wa hapo.

Msomaji wa Kilimani

Baada ya Mapinduzi nyumba nyingi zilitaifishwa, na mnyororo wa hati za kuuziana unakatika hapo. Fuata mafaili ya nyumba za serikali: utapata wapangaji wa vyumba, mara nyingi familia kadhaa kwa nyumba moja, na duka likiwa na mkataba wake peke yake. Omba faili la duka na la ghorofa kila moja mbali.