Stempu ya jahazi ya senti 50 (KUT): naweza kuipanga upya pleti yake?

KijanaWaShangani:
Wakuu habari za jioni. Babu angu alikuwa karani shamba la mkonge huko Lindi enzi za Mwingereza na alikuwa mtu wa kutotupa bahasha, ameacha bati la biskuti limejaa mpaka kifuniko hakifungi. Humo nimehesabu stempu 43 za aina moja, ile ya senti 50 ya Kenya Uganda Tanganyika (ndo KUT), zambarau na nyeusi, ya King George wa 6 na jahazi. Sasa nimesoma kuna watu wanachukua stempu moja moja wanairudisha karatasi nzima kama ilivotoka mtamboni, yaani kila moja wanajua ilikaa mstari wa ngapi nafasi ya ngapi kwenye pleti, lile bamba la kuchapia. Nimepata hamu. Shida mimi naziona zote sawa tu kama korosho kwenye gunia. Mjomba anaunda majahazi Mikindani, nikamuonesha, akaishika moja akacheka, "hii kamba ya kushoto mbona haijafika kwenye tanga, nahodha huyu anakwenda wapi?" Nikaweka lenzi, kweli kuna uwazi kidogo, zingine kamba imegusa. Hiyo inasaidia kitu? Nimeshaanza kuziloweka zibanduke, 11 zimetoka.

MzeeLigula:
ACHA KULOWEKA. Kijana wangu hizo bahasha ndo mali yenyewe! Muhuri ukiwa mzima una mji na tarehe, na tarehe ndo inakwambia pleti ilikuwa na hali gani wakati huo maana pleti inachakaa, alama zingine zinazaliwa katikati ya safari na zingine zinachongwa upya zinapotea. Toleo hilo limeanza 1938 likaenda mpaka 1954, miaka 16 hiyo, usidhani ni karatasi moja ile ile. Na meno ya pembeni yalibadilishwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo kabla hujalinganisha chochote pima meno, zigawe mafungu, halafu ndo uanze. Ukichanganya utalia.
Mjomba ako mpe soda. Hiyo kamba kugusa ama kutogusa tanga ni jambo linalojulikana kwenye stempu za jahazi za KUT, katalogi zinaitaja. Ila mwambie pia hilo jahazi lake liko Ziwa Victoria, sio Mikindani 😂

dada_wa_Mchinga:
Shikamoo mzee. Naomba niongeze maana swali la msingi halijajibiwa, kwa nini zinafanana.
Kuna stempu za zamani kila moja imechongwa kwa mkono peke yake kwenye pleti. Mfano Mauritius 1848, zile za Post Paid, fundi anaitwa Barnard alichonga picha 12 kwenye shaba, mistari minne ya tatu tatu, kwa hiyo hakuna mbili zinazofanana, na kwenye ya pensi mbili namba 7 mkono uliteleza PENCE ikawa PENOE. Ukiikuta hiyo hata gizani unajua ilikaa wapi. Penny Black ya Uingereza ya 1840 nayo ni rahisi kwa njia nyingine, karatasi ina 240, mistari 20 ya 12, na kila stempu ina herufi mbili kona za chini, ya kwanza mstari ya pili nafasi, AA mpaka TL, yaani wamekuandikia anwani kabisa. Kazi inabaki kujua ni pleti ipi, na hapo unaangalia herufi zimekaa vipi maana ziligongwa moja moja kwa mkono na hazikai sawa.
Hii yako haina herufi. Picha moja tu mama imerudiwa rudiwa kwenye pleti nzima, kinachotofautisha ni makosa madogo, mkwaruzo, nukta, mstari uliorudiwa. Na hapa ndo watu wengi wanakwama, RANGI MBILI MAANA YAKE PLETI MBILI. Karatasi imepita mtamboni mara mbili, fremu na picha ya katikati. Kwa hiyo chora ramani mbili sio moja. Kosa la kamba liko kwenye pleti ya jahazi, nukta ya kwenye fremu iko pleti nyingine kabisa, na mojawapo ikibadilishwa zile alama haziendi pamoja tena. Mi nilipoteza miezi kwa hilo, nilikuwa naandika alama zote daftari moja nikaona zinagombana, nikajua nimekosea macho kumbe nilikosea daftari.
Anza na zilizoshikana mbili ama tatu, na zenye kipande cheupe cha ukingo, hata 3 tu. Ukingo unakupa kona, jozi inakupa jirani, jirani anakupeleka kwa jirani. Moja moja bila jozi utabaki na orodha ya alama tu. Na alama moja usiiamini mpaka uione kwenye stempu mbili tofauti, inaweza kuwa vumbi.

KijanaWaShangani:
Asanteni sana, shikamoo mzee, nimekoma na maji. Nimerudi kwenye bati nimepata jozi 4 na moja yenye ukingo wa kushoto, zote bado kwenye bahasha. Zisizogusa nilikuwa nimehesabu 3 ila moja ni wino wa muhuri umefunika, nikiigeuza kwenye mwanga kamba inaonekana imefika. Zimebaki 2. Moja nilishailoweka.

MzeeLigula:
Bahasha yake ulitupa?

KijanaWaShangani:
Ipo jalalani nyuma ya nyumba mzee, naenda na tochi.